Mubishi Hakushuka

Mwayuma mwanangu,

Utaona maandishi haya ni ya bluu na yamefifia kidogo, kama zile hati za mizigo ulizokuwa ukichorea nyumba na samaki ulipokuwa ukija bironi, ofisini kwangu, baada ya masomo. Ni nakala ya kaboni. Ile ya juu, yenye wino wenyewe, ina mtu wake, nami nitakutajia ni nani tukifika mwisho. Nimekuwa karani wa bandari tangu sijaoa, na kazi hiyo imenifundisha kwamba neno usilotaka mtu alikane, hata wewe mwenyewe, liandike mara mbili.

Sasa ni saa tisa mchana. Wewe umekwenda kuaga wenzako wa kwaya. Mama yako yuko jikoni anakaanga samaki, mikebuka, wa kukufungia. Maagizo ya safari nimemwachia yeye: dawa ya malaria, sweta mbili, usikae upande wa injini kwenye boti, ukifika Moba usipande pikipiki ya mtu aliyelewa. Atakuambia yote mara tatu, na mara ya nne atakuandikia. Mimi nina jambo moja tu, na limekaa kifuani mwangu tangu kabla hujazaliwa.

Acha nianzie Jumapili, maana Jumapili ndiyo iliyonivunja.

Ulikuwa umekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, na kaka yangu, Papa mukubwa wako Sangwa, alikuwa anagawa kazi kama kawaida yake. Alikuambia: "Mwayuma, utapanda Pepa, ku mulima, utaleta ile ngombe yote kumi na ine huku ku shamba ya muto Lukuga. Majani iko, maji iko, soko iko karibu. Wiki tatu, umerudi."

Nawe ukajibu kwa heshima, mikono magotini: "Papa mukubwa, kando ya Lukuga kuko mbung'o. Ngombe ya Pepa haijui mbung'o. Tukiileta huku, itakufa yote."

Akacheka. Unajua anavyocheka mbele ya watu. "Kitabu njo kilikuambia? Wakati ya vita papa yako alishusha ngombe. Zilikufa na inzi? Watu ya bunduki njo walizibeba, huko ku muteremuko, mbele hazijafika. Sasa watu ya bunduki hawako kwa ile njia. Shida iko wapi? Muulize papa yako, si huyu iko hapa?"

Ukanigeukia. Ulinitazama kwa macho yale yale uliyokuwa ukinitazama nayo darasa la pili, mwalimu alipokuonea nami nikaenda shuleni kukutetea. Ulikuwa unangoja nifungue kinywa. Nikatazama viatu vyangu. Kisha ukageuza uso, ukamwambia Papa mukubwa, "Sawa, nitaenda," na wazee wakapiga makofi, soda zikafunguliwa.

Lakini jana nimekuona ukikunja godoro lako. Mtu anayekwenda wiki tatu habebi godoro. Habebi vitabu vyote vya shule ya mifugo, habebi taa ya sola na ile sufuria ndogo. Umesema sawa kwa mdomo, na moyoni umeshakataa. Unapanda Pepa kukaa, uwalinde ng'ombe wale wasishuke, na uko tayari ukoo wote ukuite mwasi. Niliposimama pale mlangoni nikikutazama unakaza godoro kwa goti, nilifurahi hadi nikaona aibu. Wewe unakwenda kubishana na ukoo mzima ukiwa na vitabu vyako tu, na mimi baba yako nimekaa juu ya ushahidi.

Basi huu hapa. Watu wa bunduki hawakuchukua ng'ombe wa babu yako. Hawakuwapo. Ng'ombe wale wanane walifika Lukuga wakiwa hai, na walifia pale pale shambani, mmoja baada ya mwingine, kwa mbung'o. Mimi ndiye niliyewapeleka.

Nimeandika. Mkono haukukatika.

Sikiliza ilivyokuwa. Mimi nilizaliwa Pepa, unajua, juu ya milima ya Marungu, nikashuka huku Kalemie kusoma nikiwa na miaka kumi na miwili. Nilikulia kati ya ng'ombe wale, na nilijua mengi juu yao bila kujua kwamba najua. Nilijua kwamba mwezi wa sita, baridi ya Marungu inapouma hadi maji ya ndoo yanakuwa na utando wa barafu asubuhi, manyoya yao yanakuwa marefu na mazito, nao wanalala wakiwa wamegusana, migongo kwa upepo. Nilijua kwato zao ndogo na ngumu, zinazoshika mlima penye mawe ambapo mimi niliteleza kwa makalio. Nilijua kwamba ng'ombe hana meno ya mbele juu, ana ufizi mgumu tu, kwa hiyo anazungusha ulimi kwenye majani na kuyang'oa, na ndiyo sababu palipopita mbuzi yeye hapati kitu. Anakula haraka haraka hadharani akiwa ameinamisha kichwa, kisha anatafuta mahali anapoona pande zote, analala, anaanza kucheua polepole. Mnyama anayeliwa na wengine lazima ale upesi na atafune baadaye. Hayo hakunifundisha mtu, niliyaona.

Aliyeyaona zaidi yangu ni Papa Kaseba, mchungaji wa babu yako, ndiye atakayekupokea keshokutwa. Alinizidi miaka sita hivi. Ni mtu wa maneno makali, ana redio isiyoshika stesheni yoyote lakini haizimi, na akikuchukia anakusifia. Mimi nilipopata kazi ya ukarani, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, nikaanza kumwona Kaseba mtu wa porini. Hilo ndilo kosa la kwanza, na mengine yote ni watoto wake.

Ilikuwa wakati wa vita. Nyama mjini ilikuwa adimu, maziwa ndiyo usiseme. Mimi nilikuwa kijana niliyetaka kuonekana. Nikaona nikiwa na ng'ombe kando ya Lukuga, wakubwa wa bandari watanijua kwa jina. Nikapanda Pepa nikamwambia babu yako kwamba huko juu si salama, tuwashushe karibu na mji. Mzee akaniamini kwa sababu nilikuwa nimesoma.

Kaseba hakuniamini. Aliniambia mbele ya baba yangu: "Karani, kule chini kuko mbung'o. Hizi ngombe baba yao na babu yao walizaliwa huku ku baridi, hakuna hata moja iliumwa na ile inzi. Damu yao haimujui."

Nikamjibu kwamba serikali ya zamani ilipiga dawa vichaka vyote, mbung'o wameisha. Nilikuwa nimesikia hivyo bironi kwa mtu aliyesikia kwa mwingine. Nilisema kwa Kifaransa ili Kaseba asiweze kunijibu.

Sasa ngoja nikueleze jambo la kijinga kuliko yote, ambalo sidhani mchungaji yeyote duniani angelifanya, ila karani. Ng'ombe wale walikuwa wamejaa vishikanguo kwenye nywele za mikia, mafundo mafundo, na matope yaliyokauka. Nikafikiria siku ya kuingia mjini, watu wamesimama barabarani wananitazama mimi na kundi langu. Nikatoa mkasi wa biro nilioubeba kwenye begi, nikawakata nywele za mikia, safi, wote ila mmoja. Nilitaka waingie Kalemie wamenyolewa vizuri.

Wewe umesoma, unajua nilichofanya. Ng'ombe hana mkono. Ana ngozi inayoweza kutetema mahali padogo tu pale inzi alipotua, ana masikio, ana kichwa cha kurusha nyuma, na kwa sehemu zote zilizobaki ana ule mkia wenye nywele ndefu mwishoni. Kaseba alikuja akakuta nywele chini. Alizitazama, akanitazama. "Karani," alisema, "umewakata mikono." Akaondoka, hakuniaga.

Walikuwa tisa. Nane walikubali mkasi. Wa tisa alikuwa jike mwekundu, mfupi, pembe moja imeinama mbele ya jicho, ambaye tangu mtamba alikuwa na tabia ya kusimama katikati ya njia pale wenzake wanapopita. Nilipomshika mkia alinipiga teke kwenye mfupa wa mguu, nikakaa chini kwa maumivu, naye akasogea hatua mbili akaendelea kula. Kaseba alimpa jina Mubishi. Vitabuni wanaandika mbishi. Huku kwetu tunaitia ile *mu* yote, tunaitamka kwa nguvu, na nadhani ndivyo inavyostahili. Nikamwacha na mkia wake mchafu. Nilimwona aibu ya kundi.

Tuliondoka mimi na mtu mmoja wa kukodi, ambaye baadaye alivuka ziwa akaenda Kigoma na hakurudi. Siku mbili za kwanza juu ya uwanda zilikwenda vizuri. Siku ya tatu tukaanza mteremko. Wewe utaupanda mteremko ule kwa pikipiki, utaona pale majani mafupi yanapokwisha na miti inapoanza kushikana juu ya kijito. Hewa inabadilika mara moja, inakuwa nzito. Ng'ombe wetu walikuwa bado na manyoya ya baridi mwilini, walianza kuhema midomo wazi. Tukaingia kivulini saa nne asubuhi, saa ambayo mbung'o wako macho kabisa, kwa sababu karani hakujua kwamba mbung'o wana saa zao. Walitoka vichakani kimya. Mbung'o hapigi kelele, unajua amekuja pale anapouma. Waliniuma mgongoni kupitia shati, nikaruka. Wale wanane wenye mikia mitupu walipiga piga ubavu na vigutu vyao, hakuna kilichofika.

Mubishi akasimama.

Sitaki nikudanganye mara ya pili, kwa hiyo sitasema aliona kifo. Ng'ombe hajui ugonjwa utakaokuja baada ya wiki tatu. Alichojua ni kidogo na kilimtosha: inzi wanamuuma, mbele kuna giza, nyuma kuna mwanga na majani anayoyafahamu na njia aliyopita jana kwa miguu yake. Jicho la ng'ombe liko pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote bila kugeuka. Nadhani wakati mimi nilikuwa naitazama njia ya mbele tu, yeye alikuwa anaiona ile ya nyuma muda wote.

Nilimpiga. Akageuka. Nikamrudisha, akageuka tena. Mara ya tatu nilimfunga kamba kwenye pembe nikaizungusha kwenye kiganja changu cha kulia, nikavuta kwa hasira zote nilizokuwa nazo juu ya Kaseba. Naye alikuwa na mimba, mzito, akakaza shingo, akapiga mbio kupanda. Kamba iliteleza mkononi mwangu ikachukua ngozi, ikakatika. Nilimsikia akivunja vijiti huko juu, kisha sikumsikia tena. Nilimtukana kwa lugha zote ninazozijua. Nikamwambia yule mtu wa kukodi, "Muache, chui atamukula." Tukashuka na wanane.

Ndiyo, Mwayuma. Kovu la kiganjani. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unalifuata kwa kidole chako tukienda kanisani, unaniuliza iliuma, nami nakuambia ni watu wa bunduki. Ni Mubishi. Ni alama ya mimi kumvuta mtu mwenye akili aelekee mahali pabaya.

Kule Lukuga majani yalikuwa marefu kunizidi kimo. Nilifurahi. Majirani wengi walikuwa wamekimbilia mjini, kwa hiyo hakukuwa na wa kunisifia, na baadaye nilishukuru kwa hilo. Wiki ya tatu dume alianza kuchelewa kuinuka. Macho yakatoa machozi. Manyoya yakasimama, hayalali hata ukiyapapasa. Homa ilikuja leo, kesho ikaondoka, nami nikasema amepona. Walikula, Mwayuma, hilo ndilo lililonitesa: walikula tangu asubuhi na wakakonda mbele ya macho yangu, mbavu zikahesabika. Jike mmoja alitoa mimba. Dawa mjini haikupatikana, na hata ingepatikana ningelazimika kusema nimefanya nini. Wa mwisho alikuwa ndama wa mwaka mmoja. Alikufa ameweka kidevu chake juu ya kiatu changu cha biro. Nililia pale, peke yangu, kwa sauti.

Njia ya Pepa ilikuwa imefungwa na vita. Ilipofunguka nilipanda, na njia nzima nilikuwa natengeneza maneno. Nilifika uani kwa baba yangu nikamkuta Mubishi.

Alirudi peke yake. Kaseba alimkuta asubuhi ya siku ya tano amesimama mlangoni mwa zizi tupu, kipande cha kamba kwenye pembe, anacheua. Alizaa wiki mbili baadaye, na alimficha ndama wake kwenye majani marefu siku zile za mwanzo kama wanavyofanya, anakwenda kula mbali na kurudi kwa njia nyingine, ili mwenye kumfuata apotee. Ndama jike.

Baba yangu alipoona kipande cha kamba, yeye mwenyewe ndiye aliyeniuliza: "Ni watu ya bunduki?" Nikasema ndiyo. Neno moja. Wakati ule hakuna aliyehitaji maelezo zaidi, kila nyumba ilikuwa na hadithi yake ya kweli. Niliiba msiba wa watu nikauvaa. Mzee alinikumbatia, akachinja mbuzi kushukuru kwamba nimetoka mzima, mhubiri akaja akaomba, nami nikala nyama ile. Nililamba vidole.

Kaseba alikuwapo. Aliichukua ile kamba, akaipeleka kwenye mwanga, akaitazama ncha yake. Kisha akatazama kiganja changu, kovu likiwa bado bichi. Akasema polepole, "Hii kamba ilivutwa na muntu muoga." Akaiweka chini akaenda kuwasha moto wa mbuzi. Hajawahi kusema zaidi ya hapo hadi leo. Babu yako amekufa akiamini. Na kaka yangu, kila msiba, anasimulia jinsi nilivyoponea chupuchupu. Mwanzoni watu wa bunduki walikuwa wawili, sasa ni kumi na wawili. Ameongeza risasi zilizopita sikioni. Ameongeza mto ambao niliuogelea, mimi ambaye mama yako ananicheka kwamba naogopa maji ya beseni.

Na sasa unaona uongo huu umefanya nini. Nilidhani ni wangu, umelala, hautasumbua mtu. Kumbe ndio ushahidi wanaoutegemea wazee kuwashusha ng'ombe tena. Kwao Lukuga haijawahi kujaribiwa. Ningesema ukweli siku ile, leo hakuna mtu angethubutu kuwataja ng'ombe na Lukuga katika sentensi moja.

Wale kumi na wanne walioko Pepa wote wametoka kwa Mubishi. Yeye alikufa kwa uzee, amelala, wewe ukiwa shule ya msingi. Umesoma kwa maziwa na migongo ya wajukuu zake. Watu wanasema ng'ombe wetu ni wadogo, pembe mbaya, maziwa yanajaza kikombe tu, heri wale wakubwa wa kwenye picha. Waseme. Wale wakubwa wa kwenye picha wapandishe Pepa mwezi wa saba, tuwaone wamesimama kwa miguu mingapi. Nasikia kuna ng'ombe wadogo huko magharibi ambao damu yao imemzoea mbung'o, wanaishi naye vichakani bila shida. Heri yao. Wetu si hao. Wetu wametengenezwa kwa baridi, mawe, upepo na majani mafupi, na walilipia kila unywele walio nao kwa wenzao waliokufa zamani. Hawana deni la kujifunza Lukuga ili kumfurahisha mtu anayetaka zizi karibu na nyumba yake.

Wewe pia wamekusema. Shangazi yako alisema msichana mwenye diploma akachunge ng'ombe, nani atamuoa, harufu hiyo. Nilimwacha amalize kwa sababu nilikuwa nakula, lakini kwa kuwa sasa sili: harufu hiyo ndiyo iliyokulisha wewe na yeye. Tangu una miaka minne wanakuita mubishi katika nyumba hii, wakidhani wanakutukana, nami kila mara nilishtuka, nikadhani ni mtu aliyejua siri yangu. Ulikataa uji, ulikataa kuandika kwa mkono wa kulia, ulikataa kusomea ukarani kama mimi. Mama yako aliniuliza ulirithi wapi. Kwangu hukurithi. Mimi ni mtu wa ndiyo. Ndiyo moja niliyomwambia baba yangu imenitafuna miaka yote hii.

Kwa hiyo usipone ubishi huo. Sikuombi uwe mpole kwa wakubwa, upole wangu umeua ng'ombe wanane. Wakikutumia ujumbe kwamba ng'ombe washuke, kataa. Wakituma watu, simama njiani. Wakisema baba yako alisema, waambie baba yako amesema hivi, na uwaonyeshe karatasi hii.

Ukifika, msomee Papa Kaseba barua yote. Hajui kusoma na hatakubali kwamba hajui, atakuambia miwani yake imevunjika. Msomee hata pale nilipomwita mtu wa porini. Asiponisamehe ni haki yake. Mwambie tu kwamba mwoga amejitaja mwenyewe.

Sasa ile karatasi ya juu. Nikishaweka sahihi navaa viatu, naenda kwa kaka yangu kabla hujarudi kutoka kwaya, namkabidhi mkononi, nasimama hapo anapoisoma. Sitaiacha kwa mkewe. Sitaipitisha chini ya mlango. Nitarudi kukuambia.

Baba yako anayekupenda, na ambaye tangu leo hana kitu cha kukuficha,

Papa Mwayuma

*

Nimerudi. Mistari hii ni ya kalamu tupu, haina nakala, ni yako peke yako.

Alisoma amesimama uani, miwani puani. Alipofika kwa mbuzi wa shukrani akakaa chini kwenye tofali. Nilidhani atanipiga. Akaniuliza swali moja tu, kwa sauti ndogo: "Hata risasi?"

Nikamwambia, "Hata risasi, kaka. Zile ni zako."

Kisha hasira ikampanda yote pamoja. Akaniambia nimemfanya mwongo mbele ya makaburi, kwamba hatakuja bandarini kesho, kwamba nisikanyage kwake hadi atakaponiita. Nikamwambia nitakaa nikingoja, lakini ng'ombe hawashuki. Nilisema hivyo nimemtazama machoni, mimi mdogo wake. Akaingia ndani akatoka na zile kamba mpya alizonunua za kuwavutia, sita, za nailoni ya kijani, akazitupa miguuni mwangu. "Beba! Zikufunge weye!"

Nimezibeba. Mbili zimekaza godoro lako, mbili begi la vitabu, moja sufuria, na moja imezidi, mama yako ameanikia nguo zako za kesho. Mafundo ya godoro nimekaza mwenyewe, na kiganja kimeniuma kidogo, pale pale penye kovu.